Kilio cha Soko la Mifugo

Msimnyanyue mtu kwa makwapa. Naanza na hilo kwa sababu Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Highview, nilimwona mmoja wenu, kitambulisho kipya cha kazi kinaning'inia shingoni kama medali, akimwinua bibi yake kutoka kwenye benchi kwa kumshika makwapani. Nusura niruke viti. Bega la mzee ni mlango wenye bawaba zilizolegea: ukiuvuta vibaya unabaki nao mkononi. Mfunge kiunoni mkanda wa kumwinulia, miguu yake iwe chini ya magoti, mwambie ainame mbele kama anayetafuta kiatu, kisha mwinuke pamoja. Mimi nilijifunza hayo nikiwa nimeshachelewa, ndiyo maana nina miaka hamsini na minne na nimestaafu kwa amri ya uti wa mgongo.

Ninyi vijana wa kanisa mlioanza kazi ya wazee, mliniomba nije kwenye kikao chenu niwape mbinu za kazi kwa dakika kumi. Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee miaka kumi na saba, Buffalo, kisha Columbus, kisha hapa Louisville, na mnanipa dakika kumi, kati ya matangazo na chai. Nimekataa. Nimeandika, tena nikiwa na hasira, kwa sababu mengi ya kazi hii yanakera na asiyekereka nayo sijui anatafuta nini ndani yake.

Hasira ya kwanza ni juu yangu mwenyewe. Wiki yangu ya kwanza Buffalo walinipa mzee wa rika la baba yangu nimwogeshe. Mimi ni mtu wa milimani juu ya Uvira, nimelelewa kwamba uchi wa mzee hautazamwi. Nikageuza uso ukutani kwa heshima zote, nikapaka sabuni, nikasugua, nikasuuza kwa bidii kubwa. Baada ya muda mzee akanigusa bega, akaniambia kwa upole kwamba mkono wa kiti sasa umetakata, ila yeye bado. Heshima isiyotazama ni ya kwako peke yako, mwenzako anabaki na uchafu wake. Tazama. Jifunze kutazama bila kukodoa.

Hasira ya pili ni juu ya faili. Siku hizi faili ziko kwenye tableti, mnabonyeza vinyumba vya majibu kwenye kioo: amekula, hajala, ametulia, hajatulia. Mnaziamini kuliko mtu aliyekaa mbele yenu. Sasa nitawaeleza habari ya mtu mmoja na faili lake, na ya mjinga mmoja mwenye digrii, halafu mtajua kwa nini nasema hivi.

Ilikuwa Columbus. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Northland, napanda basi la Morse Road kila alfajiri kwenda kwenye nyumba ya wazee ambayo jina lake halina faida kwenu. Ilikuwa na ghorofa tatu. Ghorofa ya pili wazee waliishi wakitembea, wakigombana, wakiibiana biskuti. Ghorofa ya tatu mlango ulifunguliwa kwa kubonyeza namba, na namba hiyo mzee hakupewa. Waliopelekwa juu walikuwa wale wanaotoroka. Nimeona watu wakipanda kule wanatembea, na baada ya miezi miwili wamesahau hata kushika kijiko. Hakuna aliyewatesa, sisemi hivyo. Hawakuwa na pa kwenda tu, na mguu usio na pa kwenda hufa.

Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho upande wa dirisha kubwa, alikaa Mzee Emlyn. Alizaliwa Wales, ile nchi ya vilima na mvua iliyobanwa ubavuni mwa Uingereza, katika mji mdogo wenye soko. Alioa mtu wa Ohio, akamfuata huku akiwa mtu mzima, mke akatangulia kufa. Faili lake lilisema hivi: "Hutamka maneno yasiyo na maana, kwa kasi, hasa siku za Alhamisi." Nesi mmoja baada ya mwingine alikuwa amebonyeza hapo, mwaka mzima.

Alhamisi yangu ya kwanza naye nilisimama mlangoni nikasikiliza. Amevaa tai. Anasema haraka, anapanda, anashuka, anarudia, anapiga kiganja kwenye meza, kimya, anaanza upya. Sikuelewa neno. Lakini nimezaliwa kwa wafugaji, na mtu anayeuza ng'ombe namtambua hata akiwa bubu: anapokutazama, anatafuta nyuma yako ni nani anayejifanya hataki kununua. Nikamuuliza kwa Kiingereza anauza nini leo.

"Kondoo," akajibu, kama vile nimechelewa kuuliza. "Ng'ombe weusi ni baada ya saa sita."

Yale maneno yasiyo na maana yalikuwa Kiwelisi. Mzee alikuwa mnadi wa soko la mifugo, na Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Mwaka mzima watu wenye vyeti walisikia lugha wasiyoijua wakaandika kwamba mwenye lugha ana kasoro. Mama zenu wanapozungumza kwa simu ndani ya basi, mnafikiri abiria wa kiti cha nyuma anabonyeza nini kichwani mwake?

Basi tukawa marafiki. Alhamisi namfunga tai, nampelekea chai, ananadi hadi adhuhuri, kisha analala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Hakuwa na shida na mtu. Angeendelea hivyo hadi mwisho wake kama mimi nisingekwenda chuo kikuu.

Nina digrii ya historia niliyoipata Bukavu. Tangu nifike Amerika digrii hiyo haijanifungulia hata kopo la samaki, kwa hiyo nikipata nafasi ya kuionyesha naonyesha. Alhamisi moja nikatafuta mji wake kwenye simu, nikapata ukurasa wa wageni, historia na vivutio vya mji, wenye picha ya daraja la mawe na mawingu yamepangwa vizuri. Nikavuta kiti nikamsomea kwa sauti ya mhadhiri. Nikasoma juu ya kasri, na mfalme wa Kiingereza aliyelijenga na kuupa mji hati ya kufanya soko. Hapo nikaongeza ya kwangu: kwamba wenyeji wa vilimani walilazimishwa kuuzia mle sokoni tu, chini ya macho ya askari, na kwamba watu wa Kongo wangeielewa habari hiyo bila mwalimu. Nikasoma juu ya mnara wa saa, jumba la soko lenye paa la vioo linalouza jibini na sabuni za maua, mgahawa wa chai, njia ya kutembea kando ya mto. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa, amefurahi. Mdomo wangu ukawa unatangulia akili, nikafika mwisho wa ukurasa nikausoma vilevile ulivyoandikwa: soko la zamani la mifugo lilifungwa, na mahali pake sasa pana maegesho makubwa ya magari, dakika mbili tu kwa miguu kutoka kasri.

Hadi leo namkasirikia aliyeandika sentensi ile. Mfalme aliyekuja na askari alipewa aya tatu. Watu walioshusha kondoo mjini kila Alhamisi, vizazi na vizazi, wakaupa mji sababu ya kuwepo, walipata nusu ya sentensi, na nusu nyingine ilikuwa ya kuegesha gari. Lakini yeye aliandika tu. Aliyeisoma mbele ya mwenyewe ni mimi.

Mzee akauliza, "Na mifugo?"

Nikamwambia soko halipo tena, lilifungwa zamani.

"Lakini leo ni Alhamisi. Wamekwisha kuletwa. Mmewapeleka wapi?"

Nikatazama saa, zimebaki dakika tano zamu yangu iishe. Nikampigapiga begani, nikagonga kadi ya kutoka, nikapanda basi kwenda nyumbani.

Kesho yake nilimkuta kwenye mlango wa mbele wa jengo, amevaa koti juu ya pajama, anabishana na mtu wa mapokezi. Ng'ombe wamesimama barabarani, alisema, hawana mtu, mvua inanyesha, afunguliwe. Kila asubuhi ikawa hivyo. Mara mbili alipita nyuma ya wageni akafika hadi kwenye magari, mikono ameitanua, anazuia ng'ombe ambao sisi hatukuwaona. Msimamizi wetu, mama mmoja Mmarekani mwenye haraka ya milele, akapanga kikao: Ijumaa ya wiki inayofuata, mzee akiendelea hivi, anapanda ghorofa ya tatu. Akanipa fomu nijaze kwa sababu mimi ndiye niliyemjua zaidi. Kulikuwa na kinyumba kinachouliza sababu ya mabadiliko.

Nikaandika: "Haijulikani."

Someni tena neno hilo, ninyi mnaopenda kuniita mwalimu. Nilijua kabisa. Niliogopa kufukuzwa, nikaandika haijulikani kwa mwandiko mzuri.

Kwenye chumba cha kufulia alifanya kazi Mama Naomi, mtu wa kwetu, wa milima ileile, asiyewahi kukaa darasani zaidi ya miaka minne. Jumatatu nilishuka kuchukua mashuka, akanitazama tu, akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza yote. Akaendelea kukunja shuka, kona kwa kona.

"Bon. Ulimwambia mbele ya kula ao kiisha kula?"

"Kabla ya kula."

"Alikuwa na mutu wake karibu?"

"Alikuwa peke yake."

"Kiisha we ukaenda wapi?"

"Zamu ilikuwa imeisha, mama."

Akaliweka shuka chini. "Donc unamuletea mutu habari ya kifo, hajakula, iko peke yake, kiisha unapanda bisi. Nani alikufundisha? Ni kule Bukavu wanafundishaka vile?"

Ninyi mliozaliwa huku labda hamjaona, kwa hiyo naeleza. Kwetu kifo hakisemwi kwa mdomo mmoja. Kwanza unaanza kuwaita jamaa wasogee. Unamwambia mtu kwamba fulani ni mgonjwa, hali si nzuri. Unahakikisha amekula. Kisha mtu mzima ndiye anayetamka, na akishatamka hakuna anayeondoka. Ndicho kilio: watu wanakuja wanakaa, na mfiwa haachwi peke yake hadi siku ya kuondoa matanga, ambapo vitu vya marehemu vinatajwa na kugawiwa, kila kitu kinapata mwenyewe. Nilijua yote haya. Nimeyakalia makumi ya mara. Ila sikufikiri kwamba yanamhusu Mzungu, tena aliyefiwa na soko.

"Basi tunakaa," alisema Mama Naomi. "Siku ine. Kila mutu na pause yake."

Mapumziko yetu yalikuwa dakika kumi na tano. Tuliyapanga kama zamu, ili asubuhi yote asikose mtu. Tulimwongeza na Deo wa jikoni, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, ambaye alikuja akinung'unika kwamba amezika watu wengi lakini hajawahi kuzika soko. Mama Naomi akamwambia akae, kazi yake ni kuleta mkate na kufunga mdomo. Deo akaleta mkate na chai ya maziwa. Akasimama mbele ya mzee, na mara nikaona uso wake umebadilika, kwa sababu maneno ya pole mtu hawezi kuyasema kwa mzaha hata akitaka.

"Pole sana, mzee," akasema kwa Kiingereza chake. "Tumesikia habari ya soko."

Mzee Emlyn alimtazama. Kisha akainuka, mwenyewe, bila mkanda, akampa mkono kama mkuu wa familia anavyompokea mgeni mlangoni, akasema asante kwa kuja. Akakaa, akalia.

Hapa ndipo penye mbinu mnayoitafuta, kwa hiyo shikeni kalamu. Mzee alipolia hatukumbadilishia mada. Hatukumwambia atabasamu, hatukumwekea video ya paka. Tulikaa. Na tuliuliza kile ambacho kwenye kilio huulizwa kila anapoingia mtu mpya: ilikuwaje? Naye akaeleza, akamaliza, akaingia mwingine, akaeleza tena.

Hivyo nikaujua mji ule kuliko ukurasa wowote wa wageni. Niliambiwa daraja la mawe lilikuwa jembamba kiasi kwamba kondoo wakivuka, daktari alisubiri. Kanisa lilikuwa kando ya zizi, na mhubiri alijifunza kunyamaza fahali akinguruma. Kabla ya reli, wachungaji waliwapeleka ng'ombe kwa miguu hadi masoko ya Uingereza, majuma matatu barabarani, na ng'ombe walivalishwa viatu.

Deo akaweka kikombe chini. "Viatu?"

"Vya chuma. Viwili kwa kila mguu, maana kwato zimepasuka. Na mabata bukini walipitishwa kwenye lami, kisha kwenye mchanga, ili nyayo zisiishe."

Mama Naomi alitaka nimtafsirie mara mbili. "Ng'ombe iko na viatu munane," akasema. "Miye nilifika Amerika na kandambili."

Nilipomtafsiria mzee, alicheka hadi chai ikamwagika. Kwenye kilio watu hucheka pia, msije mkafikiri ni dhambi.

Jumanne asubuhi alianza tena kwenda mlangoni. Mama Naomi akamkamata kwenye ngazi, akamwambia, kwa Kiingereza cha maneno sita, kwamba wageni wanakuja na mfiwa hatoki. Akarudi. Jumatano hakujaribu. Msimamizi alipita akatukuta watatu tumekaa kimya naye, akauliza hii ni shughuli gani. Nikajibu ni ya utamaduni. Neno hilo Amerika hufungua milango, hata ile ya namba.

Alhamisi tukaondoa matanga. Mama Naomi alivua aproni, akakaa wima, akaniambia nitafsiri neno kwa neno, nisiongeze ya chuo. Akamwambia mzee kwamba marehemu ameacha mifugo. Mifugo haiwezi kubaki barabarani. Yeye ndiye mkubwa wa msiba, agawe.

Mzee akaanza polepole, kisha akashika mwendo wa mnadi. Kondoo wenye nyuso nyeupe wakaenda kwa mjane aliyeishi juu ya kinu. Ng'ombe weusi kwa ndugu wawili wasiosemeshana, nusu kwa nusu, wagombane wenyewe. Alitaja majina ya watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa, na kila mmoja akapata wake. Kisha akatugeukia. Mama Naomi akapewa ng'ombe jike mweusi, aliyetulia, mwenye maziwa mazuri. Mama akapokea kwa mikono miwili akimshukuru kwa lugha yetu ya nyumbani. Deo akapata kondoo sita, akauliza dume ni yupi.

Nikangoja.

"Wewe sikupi," mzee akaniambia. "Wewe ndiye uliyeleta habari ukaondoka."

Deo alitazama dari. Mama Naomi hakuhitaji tafsiri.

Ijumaa asubuhi Mzee Emlyn alikuwa mezani anakula mayai, mlango wa mbele hana habari nao. Kikaoni alasiri msimamizi alisoma kwenye tableti kwamba mkazi ametulia tangu katikati ya wiki. Akasema inaonekana ile programu mpya ya video za paka na wanyama wengine, ambayo kila mkazi aliwekewa chumbani, imefanya kazi, apewe zaidi. Wote wakabonyeza. Video zile mzee hakuwahi kuziangalia, tableti ilikuwa imelalia uso chini ya gazeti. Mkutano ulikuwa unafungwa: anabaki ghorofa ya pili. Ningeweza kunyamaza na kila kitu kingekwenda sawa.

Nikaomba fomu yangu irudishwe. Nikawaambia sababu inajulikana na siku zote ilijulikana: nilimpa habari ya msiba vibaya, nikamwacha, kisha nikaandika uongo. Nikawaambia pia ni akina nani waliomtuliza na kwa njia gani. Msimamizi aliandika sehemu ya kwanza, akanipa onyo kwa maandishi kwa kutoa taarifa zinazosumbua bila idhini. Ya pili hakuiandika. Alisema haina kinyumba.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo, vijana. Mwanamke wa chumba cha kufulia alimwokoa mtu asipelekwe juu, na kwenye faili sifa ilikwenda kwa video za paka. Faili hilo lipo bado. Atakayelisoma atajifunza kununua video.

Nilitoka kikaoni nikaenda chumbani kwake. Safari hii nilikuwa nimetoka zamu tayari na sikuwa na basi la kuwahi. Nilingoja amalize kula. Nikamwambia pole kwa soko lake, na kwamba nilikosa kwa namna nilivyolitaja na kwa namna nilivyoondoka. Sikuongeza historia yoyote.

Macho yake yakapita bega langu, kana kwamba nyuma yangu kuna wanunuzi.

"Amebaki mmoja," akasema. "Mwekundu, ana doa usoni. Anapiga teke, na hajawahi kukubali kukamuliwa na mtu anayeharakisha."

Akapiga kiganja kwenye meza.

"Amekwenda kwako."